Mwalimu wa Temeke na Barafu ya Kaskazini

Mwalimu mmoja wa jiografia, afundishaye katika shule ya sekondari ya serikali hapa Temeke, amechaguliwa kwenda Aktiki. Safari yenyewe ni ya mafunzo. Walimu wa nchi mbalimbali watakutana katika visiwa vya Svalbard, kaskazini ya Norwei, wapande meli, wautazame mwambao wa barafu pamoja na wataalamu, kisha kila mmoja arudi kwao akafundishe aliyoyaona. Habari hii ilipofika katika chumba tupumzikiamo sisi wahadhiri ilipokewa kwa kicheko. Mmoja wetu aliuliza mwalimu huyo aenda kutafuta nini huko, na madarasa ya Temeke hayana madawati. Wa pili, ambaye kazi yake ni kufundisha Kiswahili kama mimi, alisema neno lililonikaa moyoni zaidi: kwamba mambo ya barafu hayana Kiswahili chake, basi mwalimu na afanye matayarisho yake, na shajara yake, na taarifa yake, kwa Kiingereza, asijisumbue bure.

Makala haya ni jawabu kwa wote wawili. Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na huyu wa pili, kwa kuwa yeye ni mwenzangu wa kazi, na kosa lake ni kosa letu sote tulao mshahara kwa jina la Kiswahili.

Nianze na madawati, maana aliyeyataja si mjinga, na darasa lenye wanafunzi waliobanana watatu watatu si jambo la mzaha. Walakini fedha ya safari hii haikutoka katika mfuko wa shule, wala haiwezi kugeuzwa mbao na misumari. Mwalimu asipokwenda, nafasi yake itachukuliwa na mwalimu wa nchi nyingine, na wanafunzi wa Temeke watabaki wamebanana vilevile. Basi hoja ya madawati, ukiifunua, ndani yake kuna hoja nyingine ambayo msemaji aliona haya kuitamka: kwamba elimu ya mambo ya mbali ni mali ya walioshiba, na maskini yamtosha kujua kijiji chake. Hoja hiyo naikataa, na wenzetu wa nchi nyingine waliikataa zamani. Singapore iko digrii moja na kitu kaskazini ya ikweta. Iko karibu na ikweta kuliko Temeke, ambayo imekaribia digrii ya 7 kusini. Hata hivyo tangu mwaka 2013 Singapore imekaa katika Baraza la Aktiki kama mtazamaji, pamoja na India na China zilizoingia mwaka uleule. India ina kituo chake cha utafiti, Himadri, huko huko Svalbard tangu 2008. Afrika nzima haina hata nchi moja yenye kiti cha utazamaji katika baraza hilo. Sijasikia mtu wa Singapore akiulizwa aenda kutafuta nini.

Sasa tutazame kama Aktiki yatuhusu au haituhusu. Tangu mwaka 1979 sehemu zile zimepata joto kwa kasi ipatayo karibu mara nne ya wastani wa dunia. Wanafunzi wengi, na walimu wasiokuwa wachache, hudhani kwamba barafu ieleayo baharini ikiyeyuka, bahari hufurika. Sivyo. Mtu na atie kipande cha barafu katika bilauri, aijaze maji hata pomoni, kisha angoje: barafu itayeyuka yote na maji hayatamwagika. Barafu ya Temeke, iuzwayo katika vifuko vya plastiki kila kona, yatosha kabisa kwa somo hilo. Ipandishayo bahari ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu, na rundo lake kubwa kuliko yote upande wa kaskazini ni la Greenland. Likiyeyuka lote, usawa wa bahari duniani utapanda kadiri ya mita 7. Jambo hilo ni la karne nyingi, nami sitaki kumtisha mtu. Lakini aliyejenga karibu na maji, Kurasini au Mtoni Kijichi, hahitaji mita 7. Sentimita chache zamtosha wakati wa bamvua.

Tena kuna jambo ambalo wacheshi wetu hawakulijua. Barafu ya Greenland ni nzito mno, na kwa uzito wake huyavuta maji ya bahari yakaisogelea. Barafu ipunguapo, mvuto wake nao hupungua, na maji yaliyokuwa yameshikwa huko huachiliwa yakaenda zake. Kwa hiyo karibu na Greenland yenyewe usawa wa bahari hushuka, na mbali nayo, katika nchi zetu za joto, hupanda kupita wastani wa dunia. Maana yake ni kwamba akaaye kando ya barafu hiyo hapati maji yake. Ayapataye ni sisi. Sijui kama kuna sababu bora kuliko hiyo ya kumpeleka mwalimu wa Temeke akaione barafu kwa macho yake.

Na Aktiki yenyewe hutujia kila mwaka bila ya kualikwa. Maji yakupwapo, katika matope ya mwambao wetu huonekana makundi ya vitwitwi wakichokoa chakula kwa midomo yao mirefu. Watu hupita wasiwatazame. Miongoni mwao wako waliototolewa huko Siberia ya kaskazini kabisa, katika nchi tambarare zisizoota mti. Huja kwetu baridi ianzapo huko, na hurudi kuzaa mwaka upinduapo. Ndege mwenyewe hafiki gramu 100. Afanya safari hiyo kwenda na kurudi pasipo hati. Mwalimu wetu, yeye, anahitaji viza ya kuingia Norwei mara mbili, kwa sababu Svalbard, chini ya mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1920, haidai viza kwa mtu yeyote, lakini ndege iendayo huko yapitia Norwei bara, ambako wanaidai.

Nimesema ya kutosha juu ya huyu wa kwanza. Hata hivyo neno moja nitamwachia, maana ni la haki. Iko hatari kwamba mwalimu atachukuliwa kama pambo: apigwe picha akiwa amevaa koti zito, uso mweusi juu ya theluji nyeupe, picha itiwe katika taarifa ya wafadhili, na elimu ibaki kwao. Hatari hiyo naikubali. Lakini dawa yake si kumzuia asiende. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba arudipo ana kitu mkononi ambacho ni chetu, na hapo ndipo tunapomfikia yule msemaji wa pili.

Kiswahili hakina maneno ya barafu, asema. Kwanza, hajafungua kamusi. Tuna barafu, tuna theluji, tuna sakitu. Wanajiografia wetu wametupa barafuto kwa mto wa barafu utambaao juu ya nchi, na siwa barafu kwa kile kisiwa cha barafu kinachoelea. Barafu yenyewe ilitoka Uajemi, na kwa Waajemi maana yake ni theluji. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Atakayesema kwamba kwa hiyo si maneno yetu, na aseme pia kwamba sahani, chai, meza na kitabu si vyetu, kisha aone atakula nini na atasoma nini. Na habari za meli na bahari, lugha hii yaweza kumfunza mtu mwingine: ina omo na tezi, ina goshi na demani, ina kusi na kaskazi.

Pili, na hili ndilo linaloniudhi, mwenzangu amesahau historia ya lugha anayoifundisha. Mnamo tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake wa njia ni kitu gani kile, na ameandika kwamba mtu yule, asiyekuwa na jina maalumu la kitu hicho, alijibu kuwa ni baridi. Habari ilipofika London, mtaalamu wa jiografia aitwaye Cooley, ambaye hakupata kufika huku, aliikanusha kwa miaka mingi: theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Yule alikuwa na vitabu, na huyu wa pwani alikuwa na neno moja. Neno ndilo lililokuwa kweli. Basi mtu asiniambie kwamba Kiswahili hakikupata kuitazama barafu. Kiliitazama, kikaitaja kwa lile lijulikanalo mwilini, na kikashinda.

Tatu, yuko Bwana Salim bin Abakari. Huyu alikuwa mtu wa Ngazija, na katika miaka ya 1890 alifuatana na bwana wake wa Kidachi, Theodor Bumiller, akaingia Urusi, akaenda mpaka Siberia, akarudi kwa njia ya Asia ya kati. Aliyoyaona aliyaeleza kwa Kiswahili, na Carl Velten akayachapa huko Göttingen mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Siberia aliyoipita yeye si Aktiki, najua. Ni kusini yake. Lakini alikuwa ndani ya nchi ya mbali isiyokuwa na mnazi wala mkoko, miongoni mwa watu wasiopata kusikia lugha yake, na hakungoja chama chochote kimtungie istilahi ndipo aeleze. Alichukua Kiswahili alichotoka nacho kwao, akakifanyisha kazi. Miaka mia na zaidi imepita, na leo mhadhiri wa chuo kikuu ananiambia kwamba kazi ile haiwezekani.

Nimetumia jina la Salim kumwaibisha mwenzangu. Sasa na nijiaibishe mwenyewe. Mwalimu wetu ana shahada ya chuo kikuu. Alisoma Kiswahili miaka mingi shuleni. Nilipomtajia Salim bin Abakari, alidhani ninamtajia mtu wa mtaani kwetu. Na atamjuaje? Kitabu cha Velten ni cha kutafutwa katika maktaba chache. Sehemu yake ilichapwa tena London mwaka 1965 kwa mkono wa Lyndon Harries, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, nayo haionekani madukani. Sisi wenyewe twamtaja Salim katika tanbihi za tasnifu zetu, tunapotaka kuonyesha kwamba tumesoma, kisha tunamrudisha kabatini. Hatujapata kumtolea chapa nyepesi ambayo mwanafunzi wa Tandika anaweza kuinunua kwa nauli yake ya wiki. Mwalimu ameletewa orodha ndefu ya mavazi ya kuchukua, na karibu yote ameyapata katika mitumba: koti alilolinunua limekwisha kuishi katika nchi za baridi kabla yake, na mfukoni mwake kulikuwa na tikiti ya treni yenye maandishi ya Kijerumani. Orodha ya maneno hakuletewa na mtu. Hiyo ilikuwa kazi yetu.

Wako na wengine waliotangulia. Matthew Henson, Mwafrika wa Marekani, alikwenda kaskazini pamoja na Peary mwaka 1909. Watu wanabishana mpaka leo kama walifika Nchani au hawakufika, lakini habishi mtu kwamba Henson alijua lugha ya wenyeji wa barafu na wenzake wakaitegemea. Tété-Michel Kpomassie, kijana wa Togo, alisoma kitabu juu ya Greenland akaamua kwenda. Ilimchukua miaka mingi njiani, akifanya kazi huku na huku, hata akafika mwaka 1965, akakaa na watu wa huko, na mwaka 1981 akatoa kitabu chake kwa Kifaransa. Kitabu hicho nakiheshimu sana. Lakini nauliza: cha Kiswahili ki wapi?

Labda mtu atasema kwamba lugha ni chombo tu, na ya kuandikia safari yaweza kuwa yoyote, mradi habari ifike. Hapana. Na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Sisi twahesabu saa kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha, na saa moja usiku ni saa ya kwanza baada ya kuchwa. Hesabu hii yafaa kwa kuwa tunakaa karibu na ikweta; katika Dar es Salaam mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote havitofautiani hata saa moja. Wazee wetu wakaendelea zaidi: siku kwao huanza jua likichwa, na ndiyo sababu usiku wa Jumatatu, kwa kauli ya mzee wa pwani, ni ule utanguliao mchana wa Jumatatu. Sasa mchukue mtu mwenye hesabu hiyo, umtie katika mji wa Longyearbyen huko Svalbard mwezi wa Juni. Jua lilikataa kuchwa tangu kiasi cha tarehe 20 Aprili, wala halitakuchwa mpaka baada ya tarehe 20 Agosti. Saa moja usiku iko wapi? Jumatatu itaanza lini? Kwa hesabu ya wazee, siku iliyoanza mwezi wa Aprili haijakwisha. Na mwisho wa Oktoba jua huzama lisionekane tena mpaka katikati ya Februari, na maneno kama kumekucha hayana pa kushika.

Mwenye Kiingereza hupata mshangao mdogo hapo. Saa yake huanzia katikati ya usiku, mahali ambapo jicho halioni alama yoyote. Huitazama mbingu, hustaajabu, na saa yake mkononi yaendelea kama kawaida. Mwenye Kiswahili saa yake yenyewe inavunjika. Na katika kuvunjika kwake kuna somo la jiografia ambalo mchoro wa dunia iliyoinama haujapata kulifundisha vizuri katika darasa la Temeke: kwamba saa tuliyoidhani ni ya ulimwengu mzima ni ya ukanda huu wetu, na inatokana na namna dunia inavyoegama mbele ya jua. Mtoto aulizwe kwa lugha yake, saa moja usiku iko wapi Longyearbyen mwezi wa Juni? Akishindwa kujibu, amekwisha kuanza kuelewa. Ukimwuliza kwa Kiingereza, hakuna kitendawili. Kuna takwimu za kukariri.

Mwalimu mwenyewe, ambaye ni Mwislamu, amelifikia jambo hili kwa mlango mwingine. Alimwendea sheikh wake kuuliza atasalije Magharibi na Isha mahali ambapo jua halichwi, akajibiwa kwamba wanachuoni wameruhusu kukadiria: kufuata nyakati za nchi iliyo karibu ambako usiku na mchana hupambanuka, au nyakati za Makka. Majibu yote haya, na maswali yake, yalisemwa kwa Kiswahili, msikitini, baina ya watu wawili waliokaa juu ya mkeka. Hakuna aliyelalamika kwamba lugha imepungua.

Najua sheria za shule zetu. Mwalimu huyo arudipo, atafundisha jiografia kwa Kiingereza, kama somo hilo lifundishwavyo katika sekondari zetu, ingawa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwisha kutamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Najua pia kwamba wenye safari wamemtaka awapelekee shajara kwa Kiingereza. Awapelekee, ahadi ni deni. Lakini ile anayoiandika usiku akiwa peke yake, katika usiku usiokuwa usiku, na iwe ya Kiswahili, nayo ndiyo itangulie, na ile ya Kiingereza iwe tafsiri yake. Na idara zetu ziipokee, zisiitie kabatini. Nataka ichapwe pamoja na safari ya Salim bin Abakari katika kitabu kimoja chembamba, chenye bei ya kununulika, na nataka kitiwe katika vitabu vya ziada vya shule. Jambo hili nimelileta mbele ya wenzangu mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba si fasihi. Mara ya pili niliambiwa kwamba si sayansi. Naliandika hapa mara ya tatu, mbele ya wasomaji ambao wengi wao wanajua kuhariri, na baadhi yao wana uwezo wa kuchapa.

Jumamosi iliyopita mwalimu alinijia nyumbani na daftari lake. Nilikuwa nimemwazima nakala yangu ya Salim, naye alikwisha isoma yote. Alitaka tuyapatie majina mambo manne ambayo alikuwa ameonyeshwa katika picha: maji ya bahari yaanzapo kuganda, yakawa kama mafuta juu ya bakuli, vigae vya barafu vya duara vigonganavyo ukingoni, barafu ya mwaka mmoja, na barafu iliyopona majira ya joto, ikawa ya miaka mingi, ngumu, iliyopungua chumvi. La kwanza tulikubaliana liwe utando. La pili alilipata mwenyewe mara moja, chapati, na mke wangu akacheka, lakini tumeliandika. La tatu na la nne yalitushinda. Nilimwambia awaendee wavuvi na wauza samaki asubuhi, wakati mapande ya barafu yanaposhushwa na kusagwa, asikilize wanavyoitenga barafu ngumu na ile iliyokwisha kulegea, maana wale huishughulikia kila siku na sisi tunaitia katika bilauri tu. Atakwenda Jumanne kabla ya saa kumi na mbili. Nami nitafuatana naye.